Petro wa Roma Aliyefukuzwa na Nyuki Huko Cheyo, Tabora

Ndugu wafuasi, kwa kuwa rafiki yangu mwenye bodaboda ameshaisambaza ile picha yangu nikikimbia mtaani nimevaa jeupe, na kwa kuwa maelezo aliyoyaweka chini yake yana uongo katika kila mstari, ninaandika haya kwa jicho moja. La pili bado halijakubali kufunguka. Kwanza kabisa, lile vazi si gauni la kulalia la Shangazi. Ni shuka la kitanda, jeupe, mali yangu halali. Pili, sikuwa ninaimba zaburi. Sauti iliyosikika mpaka barabara kuu ilikuwa ya maumivu, na haikuwa na maneno.

Mnaikumbuka Tabora ya juma lile la Mei 2025. Askofu wetu mkuu, Kardinali Protase Rugambwa, alikuwa amefungiwa huko Roma kumchagua Papa mpya pamoja na wapiga kura wenzake, 133 kwa jumla, na kila mtu mtaani, hata wale ambao hawajakanyaga kanisani tangu Krismasi, alikuwa na hesabu zake za kura. Ndugu zangu wa Kigoma nao walipiga simu kudai kwamba Kardinali ni wa kwao, kwa kuwa alikuwa askofu wa jimbo lao kabla ya kuitwa Roma mwaka 2012. Ungekuwa ubishi wa furaha tupu, kama usingeingia kwenye simu ya Shangazi ule ujumbe wa kusambazwa wenye mafuvu, miali ya moto na kichwa cha habari kisemacho kwamba Papa ajaye ndiye wa mwisho.

Ujumbe wenyewe mnaujua, maana najua nusu yenu mliusambaza. Unasema kwamba Mtakatifu Malaki wa Ireland aliwaona mapapa wote kwa mfululizo mpaka wa mwisho, Petro wa Roma, atakayewachunga kondoo katika dhiki nyingi, na kwamba baada ya hapo mji wa vilima saba utaangamizwa na Hakimu wa kutisha atawahukumu watu wake. Shangazi aliusoma akiwa na fedha za mabati ya jiko la uani mkononi. Fedha zikarudi kwenye pindo la khanga. "Niezeke jiko la nini," aliniuliza, "wakati Hakimu yuko njiani?" Lakini deni langu la kikoba, shilingi elfu themanini, hakulitaja katika masamaha. Kwa Shangazi dunia ilikuwa inakwisha upande wa matumizi tu. Upande wa makusanyo iliendelea kama kawaida.

Nilimweleza kwa adabu, nikiwa nimekaa kwenye kigoda na daftari langu. Nilimwambia kwamba Malaki alifariki mwaka 1148 kule Clairvaux, Ufaransa, mikononi mwa rafiki yake Mtakatifu Bernardo, na kwamba Bernardo huyo aliandika kitabu kizima cha maisha yake bila kugusa habari ya orodha yoyote ya mapapa. Orodha ilitokea mwaka 1595, miaka zaidi ya mia nne baadaye, katika kitabu cha mtawa Mbenedikto aitwaye Arnold Wion, kilichochapishwa Venice. Ni mafumbo 112 ya Kilatini, mafupi, yanayoanzia kwa Selestini II aliyechaguliwa mwaka 1143. Mafumbo ya mapapa waliotangulia mwaka 1590 yanawakaa kama suti ya fundi aliyekupima mwenyewe, na yanayofuata yanahitaji kuvutwa na kukazwa kwa nguvu, jambo linalowafanya wachunguzi wengi washuku kwamba yalitungwa kumpigia debe kardinali mmoja wa Orvieto katika uchaguzi wa mwaka huo. Naye hata hivyo hakupata. Kisha nikamaliza kwa hoja niliyoiona haina jibu: ukihesabu, fumbo la 112, yaani la Petro wa Roma, linaangukia kwa Papa Fransisko, naye amefariki tarehe 21 Aprili, na tarehe 22 mimi na wewe, Shangazi, tulikunywa chai kwa maandazi.

Shangazi alinitazama kwa huruma. Akasema Fransisko hakuitwa Petro, aliitwa Jorge. Kisha akafungua simu na kunisomea majina ya makardinali ambayo dada mmoja wa jumuiya alikuwa amemkusanyia: Pietro Parolin wa Italia, Peter Turkson wa Ghana, Péter Erdő wa Hungaria. "Akina Petro watatu ndani ya chumba kimoja," alisema, "na wewe unaniletea maandazi."

Hapo ndipo nilipoona kwamba hoja zimeshindwa na kilichobaki ni mzaha. Mpango ulikuwa mzuri, na bado nautetea. Alhamisi ya tarehe 8 jumuiya ilikuwa inasali rozari nyumbani kwa Shangazi, ikiwa ni mwezi wa Bikira Maria. Moshi wa mchana kule Roma ulikuwa mweusi, maana yake Papa bado hajapatikana. Mimi ningetokea jioni nyuma ya mwembe, nimevaa shuka, na kofia ndefu ya kiaskofu niliyoikata kutoka mfuko wa saruji, huku moshi mweupe ukinipanda nyuma. Ningejitangaza kuwa ndiye Petro wa Roma, nisome hati ya kufuta madeni yote ya kikoba kwa kuwa dunia imefika ukingoni, watu wacheke, Shangazi aone aibu kidogo, na kesho yake mabati yanunuliwe. Kuhusu hati ya madeni, nawaomba msinielewe vibaya. Ilikuwa sehemu ya maonyesho tu.

Kazi ya moshi nilimpa huyu mwenye bodaboda. Tuliweka nusu pipa chini ya mwembe, tukajaza nyasi zilizolowekwa na majani mabichi, nami nikamsomesha kwamba hata Roma kwenyewe zamani walitumia nyasi mbichi, na kwamba mwaka 1958 moshi uliwachanganya watu uwanjani wasijue kama ni mweupe au ni mweusi, ndiyo maana siku hizi wanatumia kemikali. Akaitikia kwa kichwa. Asilolijua yeye, na nisilolikumbuka mimi, ni kwamba mwembe ule una pango kwenye tagaa la pili, na pango lile lina wenyewe.

Sasa twendeni polepole, maana hapa ndipo mwenye bodaboda anapodanganya.

Ndani ya ua akina mama wamekaa mkekani, wamefika tendo la tatu la mwanga, Yesu anatangaza Ufalme wa Mungu. Mimi niko nyuma ya mwembe, shuka limefungwa shingoni kwa fundo ambalo nililikaza mara mbili ili lisinivue utu mbele ya kadamnasi. Nyasi zinatoa moshi hafifu, wa kuchomea mahindi. Mwenzangu anaona aibu kwa kazi yake, anachukua kidumu cha mafuta ya taa, na kabla sijasema neno anamwaga. Moto unaruka mpaka kwenye tagaa. Moshi sasa ni mwingi, mzito, mweupe kweli kweli, na mimi nasema moyoni: ndiyo wakati.

Nikatoka. Nikanyanyua mikono miwili. Nikasema kwa sauti nene, "Wanangu, mimi ndiye Petro wa Roma."

Rozari ikakatika katikati ya Salamu Maria. Kimya. Nikauona ule mshangao kwenye nyuso zao na, ndugu zangu, nilifurahi. Nilifikiri kwa nusu sekunde kwamba nimekosea maisha, kwamba nilipaswa kuwa mwigizaji. Kisha nikasikia kitu kama kwaya inayotafuta sauti ya kuanzia, ile mmmm ya chini chini, nikadhani ni akina mama wananiguna. Nikaongeza baraka. Ndipo nilipogundua kwamba hakuna hata mmoja anayenitazama usoni. Wote walikuwa wanatazama juu ya kofia yangu, umbali wa kama dhiraa moja, na Mama Mwenyekiti alikuwa tayari ameshavuta khanga mpaka kwenye paji la uso.

Wa kwanza alitua kwenye ncha ya pua. Hakuuma. Alitembea, akasimama, akatembea tena, nami nikamtazama kwa macho yaliyopishana huku mikono bado iko juu, kwa sababu nilisikia tangu utotoni kwamba ukitulia nyuki hakudhuru. Huyo hakudhuru. Aliyedhuru ni yule aliyeingilia chini ya kofia.

Najua warina asali wa Sikonge wataniandikia kwamba moshi hutuliza nyuki. Ndiyo, moshi wa mtu anayejua. Watasema pia kwamba nguo nyeupe hainogi kwa nyuki, nao wanapenda vyeusi. Kweli tupu: shuka hawakuligusa. Walikwenda moja kwa moja kwenye nywele, nyusi na ndevu, yaani kila kilichokuwa cheusi juu ya Baba Mtakatifu.

Akina mama walikuwa wameshaingia ndani, mkeka wao wamebeba. Nikakimbilia mlango. Komeo likaanguka nikiwa nimebakiza hatua moja. Nikagonga kwa viganja, nikasema Shangazi nifungulie, nakufa, na kutoka dirishani, kupitia wavu wa mbu, sauti ya utulivu ikanijibu: "Baki hapo hapo, Petro. Kondoo wako tumeshafika zizini."

Nikatoka getini. Fundo la shingoni lilikataa kufunguka, kwa hiyo nilikimbia na shuka zima likipepea nyuma, katika giza lile la mwanzo, na kwa bahati yangu wazee wa mtaa walikuwa wanatoka kuswali Magharibi. Mtu aliyevikwa nyeupe kuanzia shingoni, anakimbia anapiga kelele bila maneno. Wawili wakarudi msikitini, na mmoja akasema "Inna lillahi" kwa sauti ya mtu aliyeiona sanda ikitembea. Mzee wa mwisho, ambaye ni jirani yetu wa siku nyingi, hakutishika. Alinipisha, akanisindikiza kwa macho, akauliza polepole, "Na huyu naye amechaguliwa?" Picha ilipigwa hapo. Aliyepiga ni yule yule wa mafuta ya taa, ambaye alikuwa amepanda pikipiki na kunifuata si kwa kuniokoa bali kwa kutafuta pembe nzuri.

Mengine ni mafupi. Vijana wa kuosha pikipiki walinimwagia maji ya mpira mpaka nyuki wakakata tamaa, nikapelekwa zahanati, nikachomwa sindano, nikalazwa benchi. Akina mama hawakuguswa hata mmoja. Moshi wa kweli ulitoka Roma saa moja na dakika chache usiku kwa saa zetu, mweupe, na zahanati nzima ikakusanyika mbele ya runinga isipokuwa mimi, ambaye sikuwa na jicho la kutazamia. Jina lilipotangazwa nilisikia: Robert Francis Prevost, mzaliwa wa Chicago, Mwagustino aliyefanya umisionari Peru, naye atajulikana kama Leo XIV. Hakuna Petro! Niliketi benchini nikapiga kelele, "Niliwaambia!" Kwa midomo ile kilichotoka ni "Mimimamia," na muuguzi akanilaza tena.

Shangazi alikuja usiku huo huo na uji kwenye chupa. Nilimwonyesha kwa vidole: Robert, si Petro, sasa mabati. Akakoroga uji, akafikiri. Kisha akasema kwamba ameisoma tena ile orodha, na hakuna mahali ilipoandikwa kwamba kati ya yule wa fumbo la mzeituni, Benedikto XVI aliyemtangulia Fransisko, na Petro wa Roma hawawezi kupita mapapa wengine ambao hawakutajwa. Wanaweza kupita hata hamsini.

Ndugu wafuasi, hoja hiyo ipo kweli; wanaoutetea unabii huo wameitoa kabla yake, na ninalo jibu lake, refu, lenye tarehe. Nililala pale nikiwa na jibu lote kinywani na midomo isiyofunguka, huku mwanamke yule akinilisha uji kwa kijiko na kunieleza kwamba, kwa kuwa mwisho umesogezwa mbele, mabati atanunua Jumatatu, na kikoba kinakaa Jumamosi saa nane, na mle ndani ya elfu themanini ameongeza mafuta ya taa, kwa sababu kidumu kilikuwa chake.