Yaishe, lakini yaishie mbele ya nani?

"Mheshimiwa, tumesameheana." Aliyewahi kukaa kwenye benchi la Mahakama ya Mwanzo akisubiri shauri lake liitwe amelisikia neno hilo. Mlalamikaji, ambaye wiki chache nyuma alifika na jicho limevimba na fomu ya PF3, ile ya polisi ya kumpeleka majeruhi hospitali, mkononi, anasimama na kusema hana tena neno na mshtakiwa. Nyuma yake wamekaa wajomba na mashangazi wa pande zote mbili. Hakimu anamuuliza kama anasema kwa hiari yake. Anajibu ndiyo, na shauri linaondolewa.

Kuna wanaoona huo ndio uungwana wenyewe, na kuna wanaoona mnyonge ameuzwa. Kwangu mimi, kabla ya kuchagua upande, nataka kujua mapatano yalifanyika wapi na fidia aliishika nani.

Sheria yetu ya Tanzania haikuyafungia mlango mapatano. Kanuni ya Adhabu inapanga makosa haya kwa ngazi. Shambulio la kawaida, yaani kofi, kusukumwa au kukabwa shati, adhabu yake haizidi kifungo cha mwaka 1. Shambulio la kudhuru mwili, ambalo kwa miaka mingi vituoni na mahakamani limeitwa "mia mbili arobaini na moja" kwa namba ya kifungu chake, linafika miaka 5. Kusababisha madhara makubwa ni miaka 7, na ukithibitika kuwa ulikusudia madhara hayo, kifungo kinaweza kuwa cha maisha. Kwa shambulio la kawaida, na makosa mengine ya kibinafsi yasiyo mazito, mahakama imepewa ruhusa ya kuhimiza suluhu kwa masharti ya fidia au mengineyo, iwapo hakimu ataona maslahi ya umma hayadai adhabu. Maneno hayo yanamwachia hakimu uamuzi, wala hayajawaachia wajomba.

Wanaotetea suluhu wana hoja nzito, nami nazikubali nyingi. Chukua majirani wawili wanaogombania mpaka wa uwanja. Mmoja anampiga mwenzake fimbo ya mkono. Akitozwa faini, fedha inaingia serikalini, na aliyepigwa anabaki na bili ya zahanati na siku alizokosa kibarua. Akifungwa miezi 6, watoto wake wanakosa anayewalisha, na akitoka anarudi kwenye mpaka uleule, safari hii na kisasi. Na kumbuka kwamba katika Mahakama ya Mwanzo mlalamikaji ndiye anayeendesha mashtaka yake. Ndiye SM1, yaani shahidi wa kwanza wa mashtaka, ndiye anayetafuta SM2 na SM3, ndiye anayewabembeleza waache biashara zao waje kusema walichoona, na mara nyingi nauli inatoka mfukoni mwake. Shauri likiahirishwa mara tatu, shahidi wa tatu hapokei simu. Mtu wa namna hii akipewa fidia ya matibabu na kuombwa radhi mbele ya watu, amepata kitu ambacho hukumu ya kifungo isingempa.

Nimewahi kuona kiasi gani radhi ile ina uzito. Mtu mzima aliyenyamaza muda wote shauri likisikilizwa alitokwa na machozi aliposikia mkosaji akilitaja kosa lake kwa mdomo wake mwenyewe.

Lakini sasa tuangalie yanayotendeka kabla ya watu kufika kwa hakimu, maana hapo ndipo ninapotofautiana na wenzangu wa upande wa suluhu. Mapatano mengi hufanyika sebuleni, usiku, bila maandishi. Aliyepigwa ni mke, aliyepiga ni mume, na wazee waliokaa kikao ni wa mume. Anaambiwa afikirie watoto. Anaambiwa akimfunga baba yao atakula nini. Kinachoitwa fidia ni mbuzi au fedha kidogo, na vyote viwili vinapokewa na kaka yake. Asubuhi anasimama kizimbani na kusema amesamehe, na hakimu, akiwa na mashauri mengine yanayosubiri, hana namna rahisi ya kujua alilala wapi usiku ule na nani alimsindikiza.

Wapo watakaosema ndoa ni jambo la faragha, mahakama isiingilie. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilishalijibu hilo: hakuna mwanandoa mwenye haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kipigo. Kwa hiyo kipigo cha nyumbani hakina ngazi yake ya chini kwa sababu tu kimetokea chumbani. Tena mara nyingi si cha kwanza. Na hapa ndipo mapatano yasiyoandikwa yanapodhuru zaidi: mpigaji huyu akirudi mahakamani mwaka kesho, rekodi yake ni safi. Hakimu akiuliza kama ana makosa ya nyuma, jibu ni hapana, ingawa mtaa mzima unajua ameshasamehewa mara tatu.

Upande wa adhabu kali nao nina swali kwao. Wanasema wapigaji wafungwe, iwe fundisho. Mahakama ya Mwanzo, kwa kawaida, haiwezi kutoa kifungo kinachozidi miezi 12, hata pale sheria inapotaja miaka 5. Jeraha kubwa kweli lilipaswa kupelekwa Mahakama ya Wilaya tangu mwanzo, na hilo linategemea daktari aliandika nini kwenye PF3 na polisi walifungua shtaka gani. Anayedai ukali aanzie hapo, mstari wa maelezo ya jeraha usijazwe kwa neno moja la "maumivu".

Kati ya kufuta shauri na kumfunga mtu kuna njia ambayo naona haitumiki inavyostahili. Mshtakiwa akikiri, au kosa likithibitika, mahakama inaweza kumtia hatiani na kumwachia kwa sharti kwamba asitende kosa kwa muda usiozidi miezi 12, na inaweza kuamuru amlipe aliyeumia fidia. Radhi inaombwa, fidia inatajwa kwa shilingi na jina la anayelipwa, jirani anabaki na familia yake, na kumbukumbu inabaki kwenye jalada. Akivunja sharti, anaitwa kuadhibiwa kwa kosa lile la kwanza pia. Kwa majirani wa mpaka wa uwanja, siioni sababu ya kuomba zaidi ya hapo.

Kwa kipigo cha nyumbani ningependa hakimu afanye jambo moja zaidi kabla ya kupokea neno "tumesameheana": awatoe ndugu nje, abaki na mlalamikaji na karani, amuulize fedha iko kwa nani, anaishi wapi sasa, na kama hii ni mara ya kwanza. Maswali hayo matatu yanachukua dakika tano. Majibu yaandikwe kwenye mwenendo wa shauri kwa maneno yake mwenyewe, ndipo ndugu waitwe warudi ndani.