Jina Linapoanguka Njiani

Shairi lililotungwa Chake Chake, Pemba, asubuhi laweza kusomwa katika kundi la simu la Mkunazini, Unguja, jioni likiwa limeshapata mtunzi mwengine. Aliyelipeleka hakuongeza hata silabi. Alifuta tu mstari wa chini, ule wenye jina, na pengine akaweka lake. Ukimuuliza atakwambia kuwa alilipokea hivyo hivyo, na mara nyingi atakuwa anasema kweli, kwa sababu jina lilishaanguka kabla shairi halijamfikia yeye. Ugumu wa suala hili uko hapo, kwani makosa mawili yasiyolingana, kusambaza bila jina na kujipachika kazi ya mtu, hutiwa kapu moja na yote kuitwa wizi.

Wanaotetea usambazaji huru hawakosi hoja. Misemo ya kanga haina mwenyewe, wala methali hazina. Mwanafunzi wa ushairi huanza kwa kuiga bahari, yaani aina ya shairi, ya mwalimu wake, na katika malumbano ya washairi ni sifa kumjibu mwenzio kwa vina vile vile alivyokuanza navyo. Husemwa pia kwamba elimu ni sadaka, na kwamba anayeandika mawaidha kwa kutaraji thawabu hana haja ya kutajwa. Hoja hizi ni nzito, lakini zina tundu. Anayejibu kwa vina vya mwenziwe hutaraji wasomaji waijue asili, ilhali mwizi hutaraji wasiijue. Na mtoa sadaka huchagua mwenyewe kujificha. Hafichwi na mpokeaji.

Tena jamii hii hii ya Waislamu haipokei Hadithi ya Mtume bila kuuliza imepokewa na nani kutoka kwa nani, na sanadi, yaani mnyororo huo wa wapokezi, ikikatika wanazuoni huihesabu dhaifu hata maneno yake yakiwa mazuri. Sisemi kwamba ujumbe wa simu una daraja hiyo, hasha. Nachukua sababu yake tu, nayo ni kwamba jina humlinda msomaji. Ujumbe kuhusu kipimo cha dawa ya mtoto ukinakiliwa mara kumi bila jina wala tarehe, hapabaki wa kuulizwa, na mwandishi akishagundua kosa lake na kulirekebisha, toleo lile bovu huendelea kuzunguka kwa sababu hakuna njia ya kurudi kwake. Kwa maoni yangu hasara hiyo ni kubwa kuliko ya heshima ya mtunzi, ingawa ndiyo izungumzwayo kidogo.

Sheria ipo. Hakimiliki si jambo la Muungano, kwa hiyo Zanzibar ina sheria yake ya mwaka 2003 na Bara ina yake ya 1999. Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, ambao Tanzania ilijiunga nao mwaka 1994, unatambua tangu marekebisho ya Roma ya mwaka 1928 kwamba mtunzi ana haki ya kutambuliwa kuwa ndiye mtunzi hata baada ya kuuza haki zake za kipato. Hata hivyo sheria na uaminifu havifuatani hatua kwa hatua. Hakimiliki hulinda namna jambo lilivyoelezwa, wazo lenyewe hailigusi, na ina muda wake. Mtu anaweza kujipachika utenzi wa miaka mia mbili asiguswe na sheria, na bado akawa amewahadaa wasomaji. Kinyume chake, kumtaja mwandishi si ruhusa ya kusambaza kitabu chake kizima. Na nani atakwenda mahakamani kwa beti nne?

Upo pia wizi usioonekana kwa urahisi, nao ni wa tafsiri. Makala ya Kiingereza hutiwa Kiswahili, kwa mkono au kwa programu, kisha hutolewa kama uchambuzi wa mtu mwenyewe, na vyombo vya ukaguzi vinavyolinganisha neno kwa neno havioni kitu. Hujitetea wafanyao hivyo kwamba kufasiri ni kazi. Ni kazi kweli, na kwa hiyo mfasiri ajitaje kama mfasiri.

Washairi walikuwa na kinga yao zamani: kulitia jina ndani ya ubeti wa mwisho, ili anayelitoa avunje mizani na vina, aonekane. Nathari haina kinga hiyo, kwa hiyo kazi huwaangukia viongozi wa makundi ya simu. Wako wanaotaka kila mwizi atangazwe hadharani. Wengine hukumbusha sitara, kwamba aibu ya mtu haianikwi. Naona sitara itangulie, kwa ujumbe wa faragha wenye kiungo cha kazi ya asili, kwa sababu wengi walikosa bila kujua. Anayekataa kurekebisha baada ya hapo huwa ameiacha sitara mwenyewe, na kundi liseme wazi kazi ni ya nani, bila matusi. Ama aliyepokea shairi lisilo na jina, na ameuliza asipate jibu, aandike juu yake kwamba mtunzi hajulikani, ili amjuaye apate pa kusahihisha.