Boti ya Mjomba Yachakaa Nchi Kavu

Aliyenishauri nianze kusoma uhasibu kabla chuo hakijafunguliwa ni binamu yangu, mwenyewe yuko mwaka wa pili Dar. Mimi nilitoka HGE, yaani historia, jiografia na uchumi; uhasibu nausikia kwa majirani. Waliosoma ECA, yaani uchumi, biashara na uhasibu, akasema, watakukimbiza mpaka ushike ukuta. Akanipangia: anza na misingi ya uhasibu, changanya na uchumi kidogo. Takwimu na hisabati za biashara usizibebe kwa mpigo, utalia. Uhasibu wa menejimenti uache kwanza, maana umekaa mgongoni mwa uhasibu wa fedha. CPA je, ule mtihani wa wahasibu wa bodi ya NBAA? "Hiyo usiitaje mbele za watu kwa sasa."

Ushauri mzuri tu. Ila kusoma uhasibu bila biashara ya kuihesabu ni kujifunza kuogelea kitandani, na mjomba wangu ana boti ya dagaa pale Kibirizi, Kigoma.

Waliinunua wawili mwaka 2021, yeye na mzee mmoja wa Ujiji, milioni sita pamoja na injini, nusu kwa nusu. Hesabu zao zote zilikuwa kwenye kaunta buku moja iliyolowa mawese jalada zima. Ndani: "Taa. Mafuta. Yule wa Kasulu bado." Nikaichora mistari, debiti kushoto, krediti kulia, nikaendelea hadi sura ya uchakavu, yaani kugawa gharama ya chombo kwa miaka kitakayotumika; boti nikaipa mitano. Hapo ndipo nilipolewa. Milioni sita gawa kwa miaka mitano, ni milioni moja na laki mbili kila mwaka. Mitatu imeshapita. Nikaandika kwa wino mwekundu, nikapiga mistari miwili chini: Boti, 2,400,000.

Ilikuwa Julai 2024. Ziwa Tanganyika lilifungwa tangu 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane, vyombo viko mchangani, watu hawana kazi ila maneno.

"We mjomba! Milioni tatu na laki sita zangu ziko wapi?"

"Zimechakaa, mjomba."

"Zimechakaa na nini? Ziwa limefungwa, boti iko nchi kavu, hata kuku hajaipanda!"

Nikamweleza kwamba njia niliyotumia inahesabu miaka, haiulizi chombo kimelala au kimeamka. Washona nyavu wakaweka sindano chini. Mmoja akataka nimpigie hesabu ya baiskeli yake, ya mwaka 1998. Nikamwambia sifuri. Hakupenda.

Katikati ya kelele akafika mzee wa Ujiji. Akavaa miwani yake iliyofungwa uzi, akasoma ule wekundu taratibu, midomo ikicheza.

"Kijana kasoma huyu. Basi ndugu yangu, nusu yako ni milioni moja na laki mbili. Nainunua leo hii."

Na hela akazitoa kweli, mfukoni mwa kanzu, zimefungwa mpira. Nikaanza kusema kwamba thamani ya kwenye vitabu siyo bei ya sokoni, ni gharama tu iliyobaki kugawanywa. Nani wa kunisikiliza? Mjomba alinitazama jicho ambalo sitaki kulieleza. Halafu akatabasamu.

"Sawa, mzee wangu, bei nimeikubali. Ila mnunuzi ni mimi. Nusu yako hiyo, milioni moja na laki mbili, nakuletea kabla ya adhuhuri."

Mkono wa mzee ukasimama na noti hewani. Miwani ikavuliwa. Ghafla boti ikawa na mbao za mninga, injini haijawahi kukohoa, taa zake hazina mfano Kigoma nzima.

"Boti hii? Hata milioni nane siuzi!"

Walibishana mpaka kukaadhiniwa, wakaondoka pamoja kwenda kuswali, wakicheka. Kaunta buku ikahamia kwa mke wa mjomba, mimi nikakabidhiwa sindano na wavu wenye tundu la kupita mbuzi.

Usiku nikampigia binamu. Alicheka hadi salio langu likakaribia kwisha, kisha akabadilisha ratiba: uchakavu niuache kwanza, nianze na sheria ya biashara, sura ya ubia.