Imani, matendo na Ibrahimu wa mara mbili

Wanaosema wokovu ni kwa imani tu humleta yule mhalifu aliyesulubiwa pamoja na Yesu. Hakubatizwa, hakutoa sadaka, wala hakupata siku ya kurekebisha alichoharibu, na bado akaahidiwa peponi siku ile ile (Luka 23:43). Wanaosisitiza matendo humleta ndugu wa Yakobo 2, aliye uchi na mwenye njaa, anayeambiwa tu "enendeni zenu kwa amani, mkaote moto na kushiba". Naona maandiko hayo mawili hayagombani. Ugomvi wa makanisa upo, lakini si pale unapotafutwa na wengi.

Tumwangalie Ibrahimu, maana Paulo na Yakobo wote wawili wanamtumia. Katika Warumi 4 Paulo anashika Mwanzo 15:6: Ibrahimu alimwamini Mungu, akahesabiwa haki, yaani akakubaliwa kuwa mwenye haki mbele za Mungu. Wakati huo Ishmaeli alikuwa hajazaliwa. Ibrahimu alikuja kutahiriwa akiwa na miaka 99, Ishmaeli akiwa na 13. Haki ilitangulia tohara kwa zaidi ya miaka 13, kwa hiyo haiwezekani tohara iwe ndiyo iliyoileta. Hoja hiyo ni nzito, na sijaona aliyeipangua. Yakobo ananukuu aya ile ile, ila anaisoma akiwa amesimama kwenye Mwanzo 22, Isaka akiwa juu ya madhabahu. Anayejibiwa naye ni mtu mwingine kabisa: si yule anayetaka kumlipa Mungu, bali aliyeridhika kusema "naamini" kisha akakaa. Huyo anakumbushwa kwamba hata mashetani huamini, na hutetemeka.

Mara nyingi nasikia Waprotestanti wakisema Wakatoliki hufundisha kwamba mtu hujiokoa kwa juhudi zake. Si kweli. Mafundisho ya namna hiyo yalihusishwa na mtawa Pelagio, askofu Agostino akayapinga, na mtaguso (mkutano wa maaskofu) wa Karthago ukayalaani mwaka 418. Mtaguso wa Trento wa Kanisa Katoliki, mwaka 1547, katika kanuni yake ya kwanza kuhusu kuhesabiwa haki, ulimlaani yeyote asemaye mtu aweza kupata haki mbele za Mungu kwa matendo yake pasipo neema. Kwa upande wa pili, wako wanaodai Martin Luther, mwanzilishi wa mageuzi ya Kiprotestanti, alifuta matendo mema. Nao wanamwonea: katika utangulizi wake wa Warumi aliandika kwamba imani ni kitu hai, chenye shughuli, kisichoweza kukaa bila kutenda mema.

Basi wanatofautiana wapi? Kanuni ya 24 ya Trento inakataa kwamba matendo mema ni matunda na dalili tu za haki. Inasema pia huikuza. Hapo ndipo Mlutheri anaposita. Tamko la pamoja la Wakatoliki na Walutheri, lililotiwa saini Augsburg tarehe 31 Oktoba 1999, lilikiri kwamba Mungu hutupokea kwa neema pekee, wala si kwa mastahili yetu, na kwamba Roho Mtakatifu tunayempokea hutuita kwenye matendo mema. Wamethodisti walijiunga nalo mwaka 2006. Suala la matendo kuikuza haki halikumalizwa lote.

Mimi naegemea upande wa matunda, kwa sababu Waefeso 2:10 huyaweka matendo baada ya wokovu, si kabla yake. Tena nawawazia wagonjwa mahututi wanaojiuliza kama wamefanya ya kutosha. Kumwambia mtu wa namna hiyo aongeze juhudi ni ukatili. Lakini mwajiri anayedhulumu mishahara siku sita na kushuhudia wokovu siku ya saba anahitaji Yakobo, tena bila kupunguziwa makali. Mhubiri anayempa Waefeso 2:8 peke yake, kwamba tumeokolewa kwa neema kwa njia ya imani, anamdanganya.

Na upande wangu una deni kwa Mathayo 25. Hukumu pale inataja chakula, maji, nguo na gereza, wala hakuna namna ya uaminifu ya kulipita hilo. Ila walioko mkono wa kuume wanashangaa: "Bwana, ni lini tulipokuona una njaa, tukakulisha?" Hawakuwa wameandika popote walichotoa. Mkatoliki atasema matendo yao yamehesabiwa kweli, nami nakubali. Mlutheri atasema wao wenyewe hawakuyategemea, na hilo pia liko katika andiko.