Namba yangu inaanza na P
Mwandishi wa makala niliyosoma anasema wasichana wa Tanzania walioacha shule kwa ujauzito na kuruhusiwa kurudi kwa uamuzi wa serikali wa Novemba 2021 sasa wanaomba vyuo. Hongereni, wadogo zangu. Sisi wa kabla ya hapo tulipitia mlango wa uani. Niliachia kidato cha pili na ujauzito, nikauza maandazi miaka miwili, nikafanya QT (mtihani wa kupima kama aliye nje ya shule anafaa kufanya wa kidato cha nne), kisha kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Kwenye kuomba chuo, karani akaona namba yangu ya mtihani inaanza na P, ya mtahiniwa wa kujitegemea, badala ya S, ya mwanafunzi wa shule. "Dada, ulisoma shule gani hasa?" Nikamjibu: tuisheni ya jioni, mtoto mgongoni. Akacheka (si kwa ubaya). Mliorudia mtihani, andikeni namba zote mbili, ya mtihani wa kwanza na ya marudio. Mimi pia nilirudia, nikaandika moja, fomu ikarudi.