Nilivyomkonyeza bosi kwa sababu ya ua

Jamani msicheke, jicho lenyewe bado linawasha.

Nina yuforbia wangu, ndugu yake mnyaa, wiki hii kachanua ile kuchanua kweli, asubuhi ukipita unakuta nzi, nyuki wadogo na manyigu wanasukumana pale juu kama abiria wa basi la mwisho. Nikasema leo naweka status. Maana nilikuwa nimetoka kusoma kwamba vile vyeupe tunavyoviita petali si petali kabisa, ni vipande vilivyoota kwenye tezi za nekta, maua yenyewe ni yale madogoo yamejibana katikati, la kike moja tu limezungukwa na madume kibao. Sasa elimu kama hiyo mtu unakaa nayo peke yako vipi?

Nikawasha kamera, sauti nimeinenepesha kama mtangazaji, nikavunja kijitawi ili watu waone kwa karibu. Utomvu huo! Mweupe kama maziwa, unachuruzika mpaka kiganjani, na mimi bado niko "kama mnavyoona ndugu watazamaji". Mara nyigu mmoja, nadhani nilimkatishia chai, akanijia usoni. Nikajipiga kofi. Kwa mkono uleule. Jichoni.

Aisee, ile sio kuwasha, ni pilipili imeoa moto. Mke wangu katoka mbio kanikuta nimepiga magoti, machozi yanatiririka, ua mkononi, swali lake la kwanza: "Baba watoto, nani kakukataa?"

Ila alinisaidia, hapo sina neno. Alinishikia kichwa chini ya bomba robo saa nzima, mkono akausugua kwa sabuni maana ule utomvu unanata, maji matupu unayacheka tu. Tukaenda kwa daktari, akaniangalia, akanipa dawa ya matone, akasema nina bahati, wengine jicho linaumia vibaya.

Tatizo saa tisa nina kikao cha video. Kamera lazima. Jicho moja limevimba, linajifumba lenyewe kila baada ya sekunde mbili, na bosi wetu ni mama mmoja hana utani hata kidogo. Namsikia anasimama katikati ya bajeti, kimyaa, halafu: "Naona kuna mwenzetu ana jambo la pembeni na mimi."

Na mke wangu yuko nyuma yangu anakunja nguo.

Ile video sikuiposti. Kaiposti yeye.