Hodi ya mizinga

Ami yangu wa Kikwajuni ana tabia ya kunitumia sauti za WhatsApp za dakika saba. Ya Ijumaa iliyopita ilikuja na kelele zote za barazani, kete za bao zinagongana, na yeye kapaza sauti juu ya wenzake: "Wewe uko huko, hebu waeleze hawa. Japani si ilikuwa imejifungia? Mmarekani akaja na meli, wakafungua mlango, leo tunapanda magari yao. Sisi tumekalia nini?"

Shikamoo ami. Najibu kwa maandishi, maana nikituma sauti mtaanza kubishana kabla sijafika katikati.

Hapa ninapokaa Japani, Kurihama, mdomoni mwa ghuba ya Tokyo, ndipo penyewe alipoteremka. Nikienda ufukweni napita bustani ya watoto yenye jina la huyo Mmarekani, Komodori Perry, mkuu wa kikosi cha meli za kivita. Katikati limesimama jiwe refu la ukumbusho la mwaka 1901, na maandishi yake ni mkono wa Ito Hirobumi, aliyekuwa waziri mkuu wa kwanza wa Japani. Pembeni pana bembea. Februari 1945, vita na Marekani vimepamba moto, walilibwaga chini. Novemba mwaka huohuo, wameshashindwa, wakalisimamisha tena. Siku ya kwanza kusoma habari hiyo nilicheka peke yangu, halafu nikaona si ya kucheka.

Perry alifika mdomo wa ghuba hii tarehe 8 Julai 1853 na meli nne. Mbili, Susquehanna na Mississippi, zilikuwa za moshi, na ndizo zilizowatia watu kiwewe. Mpaka leo zote nne huitwa "meli nyeusi". Na si kweli kwamba nchi ilikuwa imefungwa kwa kufuli. Waholanzi walikuwa na kisiwa chao cha Dejima kule Nagasaki, Wachina nao wakifanya biashara mji huohuo, ya Korea ikipitia kisiwa cha Tsushima. Mlango ulikuwepo, ufunguo wameushika wenyewe. Maofisa wakamwambia Perry: nenda Nagasaki, huko ndiko wageni wanakopokelewa. Akakataa.

Kwetu mtu hupiga hodi mara tatu, asipoitikiwa anarudi zake, na halaumiwi wala halaumu. Huyu alisema barua ya rais wake isipopokelewa kwa heshima atateremka nayo kwa nguvu. Huku maboti yake yanapima kina cha maji ndani ya ghuba ya watu bila ruhusa. (Rais mwenyewe, Fillmore, wakati huo alishatoka madarakani tangu Machi. Barua ilibeba saini ya mtu ambaye si rais tena.)

Tarehe 14 Julai akateremka hapa ufukweni na mamia ya askari wake. Wajapani wakaipokea barua, wakampa stakabadhi, na ndani yake wameandika kwamba hapa si mahali pa kuzungumza na wageni, na kwa kuwa barua imeshapokelewa, anaweza kuondoka. Hiyo stakabadhi naipenda sana. Ni adabu ya Kijapani kabisa, na bosi wangu huniandikia vilevile nikiomba likizo.

Akarudi Februari 1854 na meli nyingi zaidi, na tarehe 31 Machi ukatiwa saini mkataba wa Kanagawa: bandari za Shimoda na Hakodate, makaa, maji, chakula, na mabaharia waliovunjikiwa na vyombo watendewe wema. Biashara yenyewe ilikuja na mkataba wa pili wa 1858, uliofuatiliwa na balozi mdogo Townsend Harris, na Yokohama ikafunguliwa 1859. Kwa mkataba huo, Mmarekani akikosa hapa, anahukumiwa na balozi wake. Ushuru wa forodha hawapangi Wajapani peke yao. Mwaka 1866 bidhaa nyingi za kutoka nje zikawekewa asilimia 5, basi.

Hiyo asilimia 5, ami, isikilize vizuri, maana hata sisi tuliwahi kuitia saini. Miaka 20 kabla ya Perry, Septemba 1833, Sayyid Said alifunga mkataba na Wamarekani kule Maskati, na ulihusu Zanzibar pia: mzigo wao ukishuka, asilimia 5, haizidi. Aliyetumwa alikuwa mfanyabiashara Edmund Roberts, ambaye alikuwa ameshafika Unguja na kuzoeana na Sayyid. Katika orodha ya nchi alizotakiwa kwenda na Japani ilikuwemo. Hakufika, alifariki Macau 1836. Sayyid hakutishwa na mzinga wowote. Aliitaka biashara ile. Mwaka 1837 balozi wao akafungua ofisi Unguja, pembe na sandarusi zikaenda Salem, bandari ya kwao Marekani, na kwetu zikaja jora za kitambaa ambacho mpaka leo bibi zetu wanakiita merikani.

Tena kuna hili: mwishoni mwa 1851 ile Susquehanna ya Perry ilitia nanga Unguja, kwa sababu ya manung'uniko ya balozi kwamba bendera yao haikupigiwa mizinga ya heshima. Kwa hiyo meli nyeusi tuliziona kabla ya Wajapani.

Ndiyo maana hoja ya "wakafungua mlango" haiingii kichwani kwangu. Sisi tulifungua mapema kuliko wao, kwa hiari, na kwa ushuru uleule. Tofauti naiona baada ya saini. Hawa walikaa na ile mikataba kama mtu aliyelishwa mwiba wa samaki. Wakatuma mawaziri Ulaya na Marekani 1871 kuomba ibadilishwe, wakarudi mikono mitupu, wakaandika sheria zao upya, wakaomba tena. Hukumu za mabalozi zilikoma 1899. Ushuru wao waliupata mikononi 1911. Sisi 1890 tulishawekwa chini ya himaya ya Waingereza, na mtu aliye chini ya himaya hana kiti cha kukaa adai mkataba wake. Barazani mkisema "tumekalia nini", anzeni hapo, msianze na uvivu.

Na msidhani hapa milango iko wazi. Nilipotafuta nyumba, dalali alipiga simu mbele yangu, akasikiliza, akainamisha kichwa, akaniambia mwenye nyumba hapendi wageni. Hivyo hivyo mara nne. Ya tano nikapata, baada ya kulipa kodi, amana, na kitu wanaita reikin, yaani "pesa ya shukrani" kwa mwenye nyumba, hairudi. Dalali wa Dar anayekuchomoa kodi ya miezi sita kwa mkupuo nilimkumbuka kwa mapenzi siku ile.

Kazi yangu ni kupanga magari yaliyotumika yanayosubiri meli hapo Yokohama, bandari iliyozaliwa na mikataba hiyohiyo. IST na Noah mnazoziona Darajani huenda nimeziwasha mimi. Ya ndugu yangu niliituma mwaka juzi. Ushuru na kodi za kwetu karibu zilingane na bei ya gari. Sayyid angeshangaa.

Jirani yangu hapa ni bibi mmoja mtu mzima. Mwaka wa sita huu tunakaa ukuta mmoja, sijaona ndani mwake na yeye hajaona kwangu. Lakini kila vuli nikirudi kazini nakuta mfuko umetundikwa kwenye kitasa changu, matunda ya persimoni manne au matano, yamefutwa moja moja. Mwezi uliopita mama alinitumia karafuu. Nikazitia kiganja kimoja kwenye mfuko uleule, nikaenda kuutundika mlangoni kwake. Sikupiga hodi.